Kabla hujashusha difu ya nyuma na shafti zilizoganda

Gari iliyonifundisha hii kazi ni Subaru Forester, toleo la SG, ya shemeji yangu wa Bomang'ombe. Ilikuwa inavuma nyuma ukigonga themanini barabara ya Moshi, mlio mmoja tu unaopanda na spidi, ukiachia mafuta unabadilika, na kila aliyepanda alisema difu hiyo, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Tukapanga Jumamosi asubuhi tunaishusha, jioni tunachoma nyama. Ikakaa juu ya stendi siku tisa, na siyo kwamba kazi yenyewe ni ya ajabu, hapana, tulianza na nati rahisi rahisi, zile ngumu tukazikuta katikati wakati gari haiwezi tena kutembea kwenda kwa mtu yeyote wa kutusaidia.

Kwa hiyo mimi sasa hivi nikiulizwa, maandalizi yanaanza gari ikiwa bado inatembea. Ingia chini na tochi siku kadhaa kabla, utafute vile vitu ambavyo vikigoma vitakulaza nje, uvijaribu kimoja kimoja.

Anza na nati ya kujazia oili ya difu, ile ya juu. Ifunguke hiyo kwanza ndiyo uguse ya kumwagia, maana ukishamwaga halafu ya juu ikakataa umebaki na difu kavu na huna pa kuijazia. Subaru nyingi hizo nati zina tundu la mraba la nusu inchi, mpini wa soketi unaingia wenyewe bila soketi. Shida ni mafundi waliopita, mtu alikosa mpini akatia bisibisi na nyundo, kona zimeisha. Ya shemeji ilikuwa hivyo hivyo.

Halafu nati kubwa ya shafti, kile chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha tairi, pale katikati ya tairi. Kwenye Subaru ni soketi ya 32, Toyota nyingi ni 30, na soketi hiyo usiende kuazima siku ya kazi, uwe nayo tayari pamoja na mpini mrefu na kipande cha bomba. Hiyo nati inabanwa karibu Nm 190, ambayo ni sawa na mtu wa kilo 65 kusimama mwisho wa mpini wa sentimita 30, na hapo ni kuifunga tu, kuifungua baada ya miaka kumi ni habari nyingine. Itazame vizuri kabla ya kuweka nguvu: ukingo wake umepigwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, lazima uuinue kwanza na tindo ndogo, usipouinua unakwangua nyuzi za shafti huku unadhani ni kutu. Tairi iwe juu, mtu wa ndani akanyage breki mpaka mwisho. Kama unaona kabisa huna ubavu, pita kwa wale wa pancha wenye bunduki ya upepo, waikate nguvu halafu waibane tena hapo hapo, maana gari isitembee hata mita na nati imelegea, beringi ya habu, kile kitovu kinachobeba tairi, inategemea hiyo nati.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni ule mbolti mrefu unaopita chini ya habu na kushika mikono miwili ya nyuma. Aisee. Ule unaganda ndani ya chuma cha boshi, ile raba yenye bomba la chuma katikati, nati inafunguka vizuri unafurahi, mbolti wenyewe hautoki, unazunguka na boshi yake. Na sisi huku tunajidanganya kwamba Arusha hakuna chumvi hakuna bahari kwa hiyo hakuna kutu, wakati gari imetumika miaka Japani upande wa theluji wanakomwaga chumvi barabarani, juu inang'aa, chini imekula. Usipotoa huo mbolti habu haisogei, na habu isiposogea shafti haina nafasi ya kutoka. Ukiujaribu ukaona unazunguka na boshi, nunua boshi na mbolti kabla, ukijua kabisa wa zamani utakatwa na grainda. Zile bolti zenye alama za kurekebisha mlalo wa tairi, zichore rangi kabla ya kulegeza, na bado utaenda wheel alignment baadaye.

Bolti za ekzosi zinazopita karibu na difu hazina mjadala, nyingi zitakatika. Weka nyingine mfukoni.

Siku tatu kabla, kila jioni, pulizia dawa ya kulegeza kutu sehemu zote hizo. Wengine wanatumia dizeli, sawa, ila ipe muda, siyo unapulizia unavuta hapo hapo. Moto wa gesi mimi nauogopa eneo hili na wewe uuogope, tangi la petroli la Forester limekaa kama tandiko la punda juu ya propela, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kwenye difu toka mbele, mbele kidogo ya difu, na kuna mipira ya breki hapo hapo.

Kama unanunua difu ya mtumba pale Unga Limited, usikubali neno la "hii ni ya Forester" peke yake. Kuna za 4.11 na za 4.44, yaani mara ambazo propela inazunguka matairi yakizunguka mara moja, na difu ya nyuma lazima ilingane na ya mbele, ukichanganya matairi ya mbele na nyuma yanagombana kila mita unayotembea mpaka klachi ya katikati inaungua. Kupima ni rahisi na muuzaji atakuheshimu: chora alama kwa chaki kwenye flenji ya propela, kile kisahani inapofungwa, mtu ashike pale inapoingia shafti ya upande mmoja pasizunguke kabisa, wewe zungusha upande wa pili raundi mbili kamili, hesabu flenji imezunguka mara ngapi. Ikizidi nne kidogo tu ni 4.11, ikikaribia nne na nusu ni 4.44. Hii ni kwa difu ya kawaida, ya LSD, ile inayozuia upande mmoja kuzunguka peke yake, itakusumbua. Hapo hapo nunua sili mbili za pembeni, nati mpya za shafti, vile viringi vya waya vya mwisho wa shafti, na oili 75W-90 ya GL-5. Inaingia kama lita 0.8, lita moja inatosha.

Mahali pa kazi pia. Masika udongo wa huku unameza stendi, weka mbao nene chini, na usiniambie habari za kupanga matofali. Hendibreki inashika matairi ya nyuma ambayo yako hewani, kwa hiyo haikusaidii kitu, zuia ya mbele kwa mawe pande zote mbili. Difu ina uzito kama nusu mfuko wa simenti na haina pa kushika, tafuta jeki ya pili ya kuishusha na mtu wa kuiongoza. Propela ipige alama kabla ya kuitenganisha irudi vilevile, halafu ifunge na waya isining'inie. Waya za sensa za ABS zitoe kabla ya nyundo kuanza kutembea.

Na uamue mapema shafti zikigoma utafanya nini, maana hapo ndipo watu wanapokasirika na kuharibu. Upande wa habu usipige nyundo chuma kwa chuma, unapanua ncha ya shafti halafu nati hairudi tena, rudisha nati ya zamani ikae sawa na ncha, weka kipande cha shaba au mti mgumu, na shafti ikigoma tafuta pula, kile kifaa cha skrubu cha kuisukuma itoke, ipo ya kukodi. Upande wa difu usivute ule mwili wa shafti, joint, kile kiungo cha mwisho wake, inaachana ndani ya raba na umeongeza kazi. Weka wenzo kati ya kikombe cha joint na difu, ushtue kwa ghafla, ikikataa zungusha shafti robo ujaribu tena, maana kile kiringi hukaa vibaya upande mmoja.

Ya kulia ya shemeji ilikataa yote hayo, siku nne. Mwisho mzee mmoja jirani anayefuga mbuzi, wala siyo fundi, akauliza kwa nini hamuishushi difu na hiyo shafti yake ikiwa humo humo. Tukachomoa upande wa habu, tukafungua bolti za difu, ikashuka na shafti yake kama kuku na mguu mmoja. Tukaiweka kwenye simenti, wenzo mmoja, ikatoka.