Kabla Hujamwambia Mtu "Nisaidie Hili Swali"

Nimekaa muda mrefu upande wa anayeulizwa: hesabu, fizikia, kemia, na biolojia pale inapoingiwa na hesabu. Wanafunzi wengi wanaoondoka mikono mitupu huwa wameshaharibu mambo kabla anayewasaidia hajashika kalamu, na wengi wao hawajui kwamba wameharibu. Kwa hiyo soma haya kwanza, halafu ndiyo uende kuuliza.

La kwanza halina maelezo mengi: jaribu mwenyewe. Kulikodolea swali macho si kujaribu. Chukua karatasi, andika ulichopewa, andika kinachotafutwa, chora mchoro kama kuna kitu kinachosogea, kinachoegemea au kinachoning'inia. Ukikwama hapo, umekwama kihalali.

La pili, karatasi hiyo ya majaribio usiitupe. Njoo nayo hata kama imejaa mikwaruzo. Anayekusaidia akiuona mstari ulioteleza atakurekebisha palepale. Asipouona ataanza kukufundisha mada nzima tangu mwanzo, nawe utaishia kupiga miayo. Nimemwona mtu akielezwa milinganyo ya kipeo cha pili kwa kirefu, anaitikia "ndiyo, ndiyo", kumbe kanuni anaijua kuliko hata anayemweleza. Shida ilikuwa kwenye kikokotozi: aliandika −3² akapata −9, wakati alitakiwa kuandika (−3)² apate 9. Mabano tu. Karatasi yake ingelisema hilo kabla hajafungua mdomo.

La tatu ndilo ninalotaka ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Swali lije zima, kwa maneno yake lenyewe. Usilisimulie.

Kuna kijana ninayemfahamu aliyekuwa na swali la jiwe. Kitabuni liliandikwa hivi: jiwe linarushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde kutoka ukingoni mwa paa la jengo lenye kimo cha mita 20, tafuta muda hadi lifike ardhini, ukichukua g (mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia) kuwa 10. Yeye hakwenda na kitabu. Aliwaambia wenzake, "Kuna jiwe limerushwa kutoka juu ya jengo la mita 20, kasi yake 15, linafika chini baada ya muda gani?" Masikioni mwake hilo lilikuwa swali lilelile. Kilichodondoka njiani ni "wima kwenda juu", maneno matatu.

Wenzake watatu wakakaa kumsaidia. Wa kwanza alielewa kwamba jiwe linatupwa kuelekea chini. Huwezi kumlaumu, maana jiwe lililoambiwa tu kuwa "limerushwa kutoka juu" wengi tunaliona linakwenda chini. Akaandika 20 = 15t + 5t², akaipanga ikawa t² + 3t − 4 = 0, akapata sekunde 1. Wa pili aliona jiwe limerushwa mlalo, kama mpira unaopigwa kutoka ukingoni. Kasi ya mlalo haiingii kwenye kuanguka, kwa hiyo kwake ilibaki 20 = 5t², sekunde 2. Wa tatu akalirusha juu: 20 + 15t − 5t² = 0, sekunde 4.

Moja, mbili, nne. Na hakuna hata mmoja aliyekosea hesabu! Kila mmoja alijibu kwa usahihi swali alilolisikia. Lakini kwa kuwa wote waliamini wanajibu swali moja, walianza kutafuta nani ana kosa, na ukitafuta kosa mahali ambapo halipo utaliunda. Mmoja akasema g ni lazima iwe hasi daima. Mwingine akasema hapana, inakuwa hasi kitu kikipanda na chanya kikishuka. Watu wakapandisha sauti. Kijana mwenye swali akawa anaandika kila kinachosemwa. Mwishowe akachukua jibu la yule anayesifika kwa hesabu, sekunde 1, akalipeleka. Likarudi na alama ya mkasi.

Kupoteza alama za swali moja si msiba. Msiba ulikuwa lile alilolibeba kutoka kwenye ule ubishi: kwamba ishara za kujumlisha na kutoa katika fizikia hazitabiriki, kwamba unazibadilisha mpaka jibu lifanane na lililoko nyuma ya kitabu. Akafanya hivyo muhula mzima. Kila swali la mwendo alilitatua mara mbili, mara na chanya, mara na hasi, kisha akachungulia nyuma. Kwenye mtihani hakuna nyuma ya kuchungulia, na matokeo yake unaweza kuyakisia.

Aliponijia nilimwomba kitu kimoja tu, kitabu. Nikamwambia alisome swali kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye "kwenda juu" akanyamaza, akarudi nyuma, akasoma tena. Hatukuhitaji kanuni yoyote mpya. Jiwe linapanda kwa sekunde 1.5 mpaka kasi yake iishe, linashuka sekunde 1.5 nyingine mpaka usawa wa ukingo, na linapopita pale lina kasi ileile ya 15, safari hii kuelekea chini. Kutoka hapo hadi ardhini ni sekunde 1. Tatu jumlisha moja, nne. Yule aliyepata 1 alikuwa ametatua kipande cha mwisho cha safari bila kujua! Na ule mlinganyo wa aliyepata 4 ukiufungua una jibu la pili, −1, ambalo watu hulifuta haraka bila kuliangalia usoni. Liangalie. Ni ile sekunde 1 inayokuchungulia kutoka upande wa pili wa sifuri.

Mambo haya hayaishii kwenye mawe. Ukiuliza "mimea miwili mirefu imechanganywa, watoto watakuwaje" ukadondosha kwamba yote miwili ni heterozigoti, yaani kila mmoja una jeni moja la urefu na moja la ufupi, kuna atakayekupa uwiano wa 3:1, warefu watatu kwa mfupi mmoja, na kuna atakayekuambia wote watakuwa warefu, na hakuna atakayekuwa amekudanganya. Neno moja la kwenye swali lina uzito kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Kwa hiyo piga picha. Picha yenyewe iwe ya ukurasa, siyo ya mistari miwili iliyokatwa kichwa. Juu ya kundi la maswali mara nyingi kuna kijimstari kinachosema "kwa maswali yafuatayo chukua..." na hicho ndicho watu wanakikata. Jedwali liingie. Mchoro uingie, pamoja na herufi zake. Kivuli cha simu kisikae juu ya namba.

Kama unaandika badala ya kupiga picha, tumia mabano bila uchoyo. Ukiandika 1/2x, mmoja atasoma nusu ya x, mwingine atasoma moja chini ya 2x, na hata vikokotozi havikubaliani: vipo vinavyosoma hivi na vipo vinavyosoma vile. Andika (1/2)x au 1/(2x) na ubishi umekwisha. Kwenye kipeuo onyesha kinaishia wapi. Na jihadhari unaponakili maandishi kutoka kwenye faili, kwa sababu vipeo hupoteza nafasi yake ya juu, na 10⁵ inakuja kuwa 105 bila kukuaga.

Vizio. Andika vizio. Nimechoka kusema hili, lakini kila wiki mtu ananiletea "kasi ni 72" na kuniachia kazi ya kukisia. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde, na swali linalotumia 72 mahali pa 20 litakupa jibu la ajabu. Usidhani ni uzembe wa wanafunzi peke yao: chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi Septemba 1999, kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni na nyingine ikazipokea kana kwamba ni niutoni. Wahandisi hao. Wewe je, saa nne usiku?

Sambamba na vizio, sema kitabu chako kinatumia namba zipi. Hapa kemia ndiyo inaongoza kwa kugombanisha watu. Moli moja ya gesi huchukuliwa kuwa lita 22.4 katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa 1, na huchukuliwa kuwa lita 24 katika joto la kawaida la chumba. Nusu moli basi ni lita 11.2 au lita 12. Anayekusaidia hawezi kuota ni ipi. Hivyohivyo g ya 10 na g ya 9.8, na hivyohivyo swali likikutaka utoe jibu kwa tarakimu 3 za maana.

Kikokotozi kiangalie kabla hujasema hesabu inagoma. Bonyeza sin 30. Ukipata 0.5 kiko kwenye digrii. Ukipata −0.988 kiko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, na huna tatizo la trigonometria, una tatizo la mpangilio wa mashine.

Sema pia umefundishwa mpaka wapi. Ukiomba kupata thamani kubwa kabisa ya −x² + 6x + 1, mtu aliyezoea kalkulasi atatafuta mnyambuliko, −2x + 6, ataufanya kuwa sifuri, x = 3, jibu 10, amemaliza kabla hujavuta kiti. Kama darasani kwenu mko kwenye kukamilisha mraba, mnyambuliko huo kwako ni kizungumkuti, na siku utakapoitwa ubaoni kueleza ulivyofanya utatamani ardhi ipasuke. Kwa kukamilisha mraba inakuwa 10 − (x − 3)², unaona mara moja kwamba haiwezi kuzidi 10. Jibu ni lilelile, ila hili unaweza kulitetea.

Programu za kompyuta zinazojibu maswali zipo na mtazitumia, sitajifanya sijui. Zinaandika hatua nzuri, zilizopangwa, zenye kujiamini, na katikati ya hatua hizo zinaweza kukosea kujumlisha au kubuni sharti ambalo halipo kwenye swali. Kujiamini si uthibitisho, iwe kwa mashine au kwa binamu yako. Rudisha jibu kwenye mlinganyo. Sekunde 4 za jiwe letu: 20 + 60 − 80, sifuri, imekaa. Kazi hiyo haichukui hata mstari mzima, na wengi wanaoniletea majibu ya mashine hawajaifanya.

Unapoelezwa, usikubali kuvuka hatua usiyoielewa kwa kuogopa kuonekana mzito. Simamisha pale pale: "hiyo 5 imetoka wapi?" (Imetoka kwenye nusu ya g.) Ukingoja mpaka mwisho ndipo useme hukuelewa, utaambiwa yote upya kwa kasi ileile na utapotea palepale. Ukishaelezwa, funika karatasi, fanya swali linalofuata peke yako. Likikushinda, ulichokuwa nacho kilikuwa nakala.

Nenda mapema. Anayeulizwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya atakupa jibu tu ili alale.

Usipeleke maswali ya mtihani unaoendelea. Unamtia mwenzako matatani bila ridhaa yake. Uliza kwanza kama kazi yenyewe inaruhusiwa kufanywa kwa kusaidiana, maana kuna walimu wanaokubali na kuna wasiokubali. Kwenye picha funika jina lako na namba yako ya mtihani kabla haijaenda kwa usiowajua. Mtu anayejitolea kukufanyia kazi zako zote kwa malipo muepuke, na anayetaka malipo kabla hujaona chochote muepuke mara mbili. Ukimwuliza mtu mmoja, mwache amalize kabla hujatuma swali hilohilo kwa wengine watano. Kama kipengele (b) kinategemea jibu la (a), sema umepata nini kwenye (a), kwa sababu huenda kosa liko huko. Usifute ulichokosea, kipige mstari kionekane. Na kazi ikirudi imesahihishwa, mrudie aliyekusaidia umwambie kama jibu lilikubaliwa au lilikataliwa, maana kama aliyekosea ni yeye, kesho kuna mwingine atamfuata na swali lilelile.