Kumwandaa Bondia kwa Mahojiano: Mwongozo kwa Makocha wa Nairobi

Mwongozo huu unamhusu kocha au meneja wa ndondi ambaye bondia wake ameanza kuitwa redioni na kuhojiwa ukumbini, naye amegundua kwamba yule anayecheza kwa madaha ulingoni hukwama mara tu kipaza sauti kinapomfikia. Nimeuandika baada ya kumtayarisha bondia mmoja wa kike wa Eastlands kwa pambano lake la kwanza la kulipwa. Ninachukulia kuwa bondia wako ana pambano lenye tarehe, ana simu inayorekodi, na anajua kumsalimu mtangazaji, hayo sitayaeleza.

Hatua ya 1: Msikilize kabla ya kumfundisha

Mwombe idhini, weka simu kwenye benchi wakati mabondia wanajifunga bandeji, kisha umwache azungumze na wenzake. Wakati huo mikono ina shughuli na hakuna anayejitazama, kwa hiyo utaisikia sauti yake halisi. Bondia niliyemsaidia alikuwa akizungusha bandeji kwenye kifundo cha mkono, akaivuta ncha yake kwa meno, kisha akasema bila kuinua uso kwamba mama yake, ambaye huuza samaki Gikomba, huwaambia wateja kuwa binti yake ameajiriwa kupiga watu ila mshahara bado haujaingia. Ukumbi mzima ulicheka. Mahojiano yake yote tuliyajenga juu ya sentensi hiyo, na sidhani kuna mshauri wa mawasiliano ambaye angeweza kuitunga.

Usimvishe tabia ya kuazima. Tangu Karim Mandonga wa Tanzania alipokuja ukumbi wa KICC hapa Nairobi Januari 2023, akamshinda Daniel Wanyonyi na kuliacha jina la ngumi yake, Sugunyo, vinywani mwa watu, vijana kadhaa wa kumbi zetu wamejaribu kuzipa ngumi zao majina, na wengi wao huchosha. Mandonga huchekesha kwa sababu yuko tayari kuchekwa; alipata umaarufu akiwa amekwisha kupigwa mara nyingi, na kila alipopigwa alirudi mbele ya kamera na maelezo mapya. Bondia mwenye haya hawezi kuibeba kazi hiyo, wala halazimiki.

Tabia hubadilika, ila hubadilika pamoja na mwenyewe. George Foreman aliyekwenda Kinshasa mwaka 1974 alikuwa mtu wa uso uliokunjwa, akitembea na mbwa wa aina iliyowakumbusha Wakongo polisi wa kikoloni wa Kibelgiji, na umati ulikuwa upande wa mpinzani wake, Muhammad Ali, ukiimba "Ali, bomaye", yaani "Ali, muue" kwa Kilingala, kabla ya kengele kulia. Foreman huyohuyo alirudi ulingoni mwaka 1987 akiwa mhubiri mwenye kuutania unene wake mwenyewe, na alipomwangusha bingwa wa dunia Michael Moorer mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa kipenzi cha Wamarekani.

Hatua ya 2: Chagueni lugha mapema

Ikiwa bondia wako hufikiri kwa Kiswahili, ajibu kwa Kiswahili hata akiulizwa kwa Kiingereza. Canelo Álvarez wa Meksiko alijaza kumbi za Marekani kwa miaka mingi huku akijibu kwa Kihispania kupitia mkalimani. Sheng ikubaliwe pale tu mtangazaji mwenyewe anapoitumia.

Hatua ya 3: Mahojiano ya ulingoni, mara baada ya pambano

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na makocha wengi huipuuza kwa kudhani kwamba aliyeshinda atajua la kusema. Bondia aliyemaliza raundi ya mwisho hana pumzi, masikio yanavuma, ukumbi unapiga kelele, na mtangazaji humwuliza swali baya kuliko yote: "Unajisikiaje?" Asipofunzwa, atawashukuru Mungu, kocha na mashabiki kwa mpangilio huo, atanyamaza, na kipaza sauti kitaondoka.

Zoezi ninalolitegemea hufanyika mwisho wa mazoezi. Bondia apige gunia kwa raundi tatu kamili, za dakika tatu kwa wanaume na dakika mbili kwa wanawake, kisha kabla ya kupumzika asogezewe simu na kuulizwa swali huku wenzake wakipiga kelele makusudi. Usimfanyie zoezi hili akiwa ameketi na ameshaoga, kwa kuwa anachojifunza ni kupanga maneno akiwa anahema. Jibu la kwanza liwe fupi, lenye jina la mpinzani na sifa moja ya kweli juu yake. Jambo hilo ni adabu, na pia humpa muda wa kuvuta pumzi mbili. Jibu la pili lieleze tukio moja la pambano ambalo watazamaji waliliona bila kulielewa, kwa mfano kwamba katika raundi ya nne alianza kuzunguka kushoto kwa sababu mkono wa kulia wa mpinzani ulikuwa umechelewa. Mtazamaji humpenda bondia anayemfungulia mlango huo. Pale ndipo mzaha wa mama wa Gikomba ulipoingia, mwishoni, baada ya ufundi.

Kuna masharti, na naomba uyasome yote. Mtu wa kona atoe kinga ya meno, ampe bondia maji ya kusukutua na kumpangusa damu kabla kamera haijamfikia. Usimwachie mtangazaji kazi hiyo. Wadhamini watajwe mara moja tu, tena mwisho. Akipoteza kwa uamuzi wa majaji anaouona si wa haki, aseme "Mimi nilihesabu tofauti" na aishie hapo, kwa sababu tuhuma ya hongo iliyotolewa kwa hasira hukaa kwenye mtandao miaka mingi na humfungia milango ya mapambano. Akipoteza kwa haki, ampongeze aliyeshinda na asianze kuorodhesha majeraha aliyokuja nayo.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba bondia aliyeangushwa kwa KO, au aliyepigwa kichwani mfululizo, hahojiwi hata kidogo. Akiuliza swali lilelile mara mbili, akisahau ni raundi gani, akilalamikia kichwa, akitapika au ulimi ukiwa mzito, anakwenda kwa daktari, na promota atakayesisitiza kwamba televisheni inasubiri aambiwe isubiri. Mimi husimama kati ya bondia na kamera kwa mwili wangu. Hilo limewahi kunigombanisha na promota mmoja, na bado ninalifanya.

Hatua ya 4: Kejeli na mipaka yake

Majigambo huuza tiketi. Mwaka 1961, Ali, ambaye wakati huo aliitwa Cassius Clay, alimtazama mwanamieleka Gorgeous George akijisifu mbele ya umati uliolipa ili kumwona akinyamazishwa, akauchukua ufundi huo. Mwaka uliofuata alitabiri kuwa Archie Moore angeanguka raundi ya nne, na Moore akaanguka raundi hiyohiyo. Angalia kwamba majigambo yale yalihusu kazi: raundi, ngumi, kasi. Ali huyohuyo alipomwita Joe Frazier sokwe kabla ya pambano la Manila mwaka 1975, alimtukana mtu aliyekuwa amemsaidia wakati alipofungiwa kupigana, na uchungu wa Frazier ulidumu miongo.

Kwa hiyo bondia wangu hugusa miguu ya mpinzani, mkono wake mvivu, au idadi ya raundi atakazodumu. Kabila, dini, sura na wazazi havitajwi, na katika jiji hili ningeongeza vyama vya siasa. Kusukumana siku ya kupima uzani pia ni hasara kuliko watu wanavyodhani: baada ya vurugu za Mike Tyson na Lennox Lewis mbele ya wanahabari mjini New York Januari 2002, jimbo la Nevada lilimnyima Tyson leseni, na pambano likahamia Memphis.

Hatua ya 5: Studioni

Anza na redio, kisha televisheni. Redio humfunza kuchora picha kwa maneno, na aliyeanza na televisheni hutegemea misuli. Mwandikie mtangazaji kadi yenye jina kamili la bondia, uzani wake, tarehe na ukumbi wa pambano, na bei ya tiketi, kwa herufi kubwa, kwa sababu majina hukosewa na tarehe husahaulika. Kabla ya kuondoka, mwombe fundi wa mitambo nakala ya kipindi moja kwa moja kwenye simu yako. Ukisubiri itumwe kesho, utaisubiri sana.