Panya mwenye ini la binadamu: vile unamtayarisha kabla hujampa ugonjwa

Kama uko Nairobi na supavaiza amesema utafanya kazi na hawa panya waliopandikizwa seli za ini za binadamu, anza na swali lako la utafiti, pesa baadaye. Panya wa kawaida homa ya ini aina ya B haimshiki, virusi vinataka mlango wa kuingilia seli ya ini unaoitwa NTCP, ilijulikana 2012, na wa panya hauvifai. Malaria ya falsiparamu pia haikui kwa ini lake. Kama swali lako ni la magonjwa kama hayo, ndio unahitaji panya mwenye ini la mtu.

Anayetumika sana ni aina inayoitwa FRG, alitengenezwa Oregon, Marekani, 2007. Ametolewa jini ya Fah, kwa hivyo bila dawa ya nitisinoni ini lake linajaa sumu na kufa, na akatolewa jini za kinga, Rag2 na Il2rg, ndio asikatae seli za mtu. Sasa unamwekea nitisinoni kwa maji ya kunywa, unamdunga seli za ini za binadamu kwa bandama, laki tano hadi milioni moja hivi, zinasafiri na damu hadi kwa ini, halafu dawa unaipunguza mpaka unaitoa kabisa, seli zake zinakufa na zile za mtu zinajaza nafasi.

Hapa ndio panya wengi wanapotea, na inauma kwa sababu ni uzembe tu. Mpime uzito kila siku, hata Jumapili. Akipoteza kama asilimia 15, ama umpate amejikunja kona ya keji manyoya yamesimama, rudisha dawa siku hiyohiyo, akishanona unatoa tena.

Usikimbilie kumwambukiza! Ngoja miezi miwili mitatu, toa tone la damu upime albumini ya binadamu, protini inayotengenezwa na ini, kwa ELISA, kipimo cha sahani kinachotumia antibodi kuishika. Ikipita miligramu 1 kwa mililita uko sawa. Na weka damu ya panya asiyepandikizwa kwa sahani hiyohiyo, ikisoma kitu basi antibodi yako inashika albumini ya panya na namba zako zote ni bure.

Ukitaka malaria, mdunge sporozoiti, vimelea vya malaria vinavyotoka kwa mbu, kwa mshipa, vinakomaa ndani ya ini siku ya 6 hadi 7, na kama unataka vimelea vitoke viingie damu mpe chembe nyekundu za mtu wakati huo. Lakini chanjo inayotegemea seli za T, seli za kinga, usiijaribu hapa, hana hizo seli.

Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya ya sayansi na utafiti, na cha kamati ya maadili, pamoja na idhini ya aliyetoa ini, vishughulikie kabla hujaagiza panya hata mmoja.