Kusoma disketi ya 1.44 sekta kwa sekta

Mwongozo huu ni wa disketi ya inchi 3.5 yenye alama ya HD (msongamano mkubwa), iliyofomatiwa kwa DOS au Windows. Andaa draivu, mashine ya Linux na kalamu; sehemu kubwa ya kazi ni hesabu.

Hatua ya 1: zuia kuandikwa. Telezesha kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kona hadi tundu libaki wazi. Tundu wazi ndiyo kinga. Wengi hudhani kinyume chake. Tundu la upande wa pili, lisilo na kifuniko, huijulisha draivu kwamba disketi ni HD.

Hatua ya 2: toa nakala nzima.

`dd if=/dev/fd0 of=disketi.img bs=512 conv=noerror,sync`

Draivu ya USB haiitwi fd0, hivyo tazama jina lake kwa `lsblk`. Usiache `sync`: bila hiyo, sekta (kipande cha baiti 512) isiyosomeka haiachiwi nafasi yake, na kila namba utakayopiga baadaye itakosea.

Nakala iwe na baiti 1,474,560: pande 2 × traki (duara za sahani) 80 × sekta 18 × baiti 512. (Ile "1.44" ni mseto wa ajabu: megabaiti yake ni 1,000 × 1,024.)

Ukipata hitilafu za kusoma, jua kinachotokea chini. Kila sekta hutanguliwa na kitambulisho chenye namba ya traki, upande, sekta na ukubwa, pamoja na baiti 2 za uhakiki. Kitambulisho huandikwa wakati wa kufomati tu. Ukihifadhi faili, ni sehemu ya data peke yake inayoandikwa upya. Ndiyo maana draivu ambayo vichwa vyake vimepotoka huandika kando kidogo ya traki, ikajisomea yenyewe bila shida, huku draivu nyingine zikishindwa. Kabla ya kuilaumu disketi, ijaribu kwenye draivu iliyoiandika.

Hatua ya 3: fahamu ramani. Sekta 0 ni ya kuwashia, na huishia na baiti 55 AA (kwa heksadesimali, kama baiti zote zenye herufi humu). Sekta 1–9 ni jedwali la FAT (huonyesha kipande kipi cha faili kinafuata kipi), 10–18 nakala yake, 19–32 saraka kuu (orodha ya faili). Data huanzia sekta 33. Angalia kasoro hapa: jedwali na nakala yake vyote viko kwenye traki 0, kwa hiyo mkwaruzo mmoja mbaya unaweza kuondoka navyo vyote viwili.

Hatua ya 4: soma saraka.

`xxd -s 9728 -l 512 disketi.img`

Kila faili lina nafasi ya baiti 32 kwenye saraka. Hesabu kuanzia 0: jina ni baiti 0–10, klasta (kipande cha data) ya kwanza 26–27, ukubwa 28–31, baiti ndogo ikitangulia. Jina linaloanza na E5 ni la faili lililofutwa. Nafasi ni 224 tu, na majina marefu hula kadhaa kwa mpigo. Saraka kuu ikijaa, disketi hukataa faili jipya hata kama data ina nafasi tele.

Hatua ya 5: fuata mnyororo. Kila klasta ina namba ya biti 12 kwenye FAT, hivyo namba mbili hubanana ndani ya baiti 3. Zidisha namba ya klasta kwa 1.5, tupa desimali, kisha kuanzia baiti hiyo ya FAT soma baiti mbili ukizigeuza.

Tuseme baiti ya 6, 7 na 8 za FAT ni `FF 6F 00`. Klasta 4: 4 × 1.5 = 6, unapata 6FFF. Nne ni shufwa, chukua tarakimu tatu za mwisho: FFF, yaani faili limeishia hapo. Klasta 5: 7.5 inakuwa 7, unapata 006F. Tano ni witiri, chukua tatu za mwanzo: 006. Inayofuata ni klasta 6.

Hatua ya 6: toa data. Hapa klasta moja ni sekta moja, na hesabu yake huanzia 2; basi sekta = klasta + 31. Klasta 5 ni sekta 36, ambayo kwenye sahani ni traki 1, upande 0, sekta 1. Traki na pande huhesabiwa kuanzia 0, lakini sekta ndani ya traki huanzia 1; hapo ndipo wengi hukosea.

`dd if=disketi.img of=kipande bs=512 skip=36 count=1`

Unganisha vipande, kisha kata mkia kwa kufuata ukubwa ulioandikwa kwenye saraka. Faili la baiti 700 huchukua sekta 2, lakini kwenye ya pili ni baiti 188 tu zilizo zake. Zinazobaki huenda ni mabaki ya faili jingine.