Kabla hujakanda mkate wako wa kwanza

Mikate mingi ya kwanza huharibika kabla hata moto haujawashwa, na mkosaji mara nyingi ni hamira. Pakiti niliyoanza nayo mimi ilikuwa wazi tangu Ramadhani, imebanwa mdomo kwa kibanio cha nguo. Nilisubiri masaa matatu, donge limelala bakulini kama jiwe la kusagia. Siku hizi naijaribu kwanza: kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha sukari na nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, yaani maji ambayo kidole kinakaa ndani bila kuungua. Ya moto sana huiua. Nafunika dakika 10. Ikipanda povu na kunukia pombe pombe, iko hai. Ikibaki tope chini ya kikombe, mwaga. Afadhali upoteze hamira kuliko nusu kilo ya unga.

Huo unga nao usome pakiti. Uliokwisha changanywa na beking pauda uwekee keki. Kwa nusu kilo ya unga wa kawaida natia vijiko viwili vya chai vya hamira, kimoja na nusu cha chumvi, na maji kama mililita 300. Hapa ndipo sisi tuliozoea chapati tunapoteleza: donge la mkate hunata vidoleni, nasi tunazidi kunyunyiza unga mpaka litulie, kisha tunashangaa mkate umetoka mkavu. Vumilia, paka mikono mafuta, kanda dakika 10. Kunata kutapungua kwenyewe.

Mwenye oveni aipashe mpaka digrii 200, na kabla ya hapo atazame LUKU ina uniti ngapi. Wa mkaa achague vyombo vikiwa bado vitupu: sufuria kubwa nzito, ndani yake mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, juu yake sufuria ndogo ya mkate. Hakikisha mkate ukiumuka hautagusa mfuniko. Mfuniko uwe bapa, maana makaa mengi yanakaa juu yake. Chini bakiza machache tu. Wengi hufanya kinyume, wakapata kitako cheusi na uso mweupe kama ulioanikwa. Mchanga upate moto kama dakika 15 kwanza.

Halafu hesabu muda. Kwa joto la Dar es Salaam donge huongezeka mara mbili kwa saa moja hivi. Njombe mwezi wa Julai linaweza kwenda mbili na zaidi, kwa hiyo angalia donge, si saa. Linaumuka tena sufuriani, linaokwa kama dakika 35 mpaka ukigonga kitako kilie kama ngoma, kisha linapoa karibu saa nzima, la sivyo kisu kitatoka na utando wa unga mbichi. Ukianza kukanda saa 1 asubuhi, usimwahidi mtu mkate kabla ya saa 5. Chai ya asubuhi inywewe na viazi.