Mnarudi kwenu Usukumani kaka na dada? Anzeni na ngoma, kikao cha ukoo kije baadae

Hii nawaandikia nyie mliozaliwa Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema au hapa hapa Mwanza mjini mkaondoka mkiwa wadogo, mkakulia Dar au Arusha, na saivi ni watu wazima mnataka kurudi pamoja mjue kwa nini mzee hakuwa anapenda kuongelea kwao. Wengi wakifika kitu cha kwanza wanaitisha kikao, wazee wanakaa kwenye viti, daftari linafunguliwa, afu wanashangaa mbona kila mtu anajibu "yalishapita hayo". Msifanye hivyo. Msukuma mtu mzima hawezi kukwambia aibu ya nyumba yake ukiwa umemkalia na kalamu mkononi, ila mkute kwenye mazoezi ya ngoma jioni, umeshika jembe au umefunga njuga miguuni, maneno yanatoka yenyewe.

Muda wa kuja ni kuanzia Juni mpaka Agosti, mavuno yameisha, watu wana nafasi na vyakula vipo. Bulabo, yani sikukuu kubwa ya ngoma kule Bujora na Kisesa, inaendana na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, na kwa kuwa Pasaka inahama na Bulabo nayo inahama, mara nyingi inaangukia Juni, hivyo angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi. Ila ushauri wangu fikeni mapema kabla ya sikukuu. Siku ya mashindano kuna vumbi, kelele na umati, hakuna mzee atakaekaa na nyie. Mazoezini ndio kuna nafasi.

Sasa swali la kwanza la kuuliza mkifika sio babu alikufa lini wala shamba ni la nani, ulizeni hivi: babu alikuwa Bagika au Bagalu? Hivi ni vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Wasukuma, vilianza karne ya 19 kwa waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, wafuasi wa Ngika ndio Bagika na wa Gumha ndio Bagalu. Mpaka leo wakishindana wanacheza muda mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na yule kule, na anaevuta watu wengi ndio mshindi. Ndio maana zinatafutwa dawa za kuvuta watu, na ndio maana nyimbo zinatungwa kali kali. Mtunzi na kiongozi wa nyimbo anaitwa ningi, na kazi yake moja kubwa ni kuwasema wapinzani, kwa majina, kwa kijiji, kwa mambo waliyoyafanya.

Hapo ndipo penyewe. Siri ambayo ukoo wenu umeificha miaka yote, wapinzani wa babu yenu waliiimba hadharani kijiji kizima kikisikia. Kwa hiyo mkishajua babu alikuwa upande gani, wasikilizeni watu wa upande wake kwa heshima zote, afu nendeni mkawatafute wazee wa upande wa pili, kwa sababu hao hawana cha kuficha kuhusu nyumba yenu.

Sisi tuliambiwa toka utoto kwamba baba mkubwa alifariki kijana. Tulivyofika mzee mmoja wa Bagalu alivyosikia babu yetu ni nani na kwamba alikuwa Bagika akaanza kuimba taratibu huku anapiga goti kwa kiganja, wimbo unasema kuna nyumba ng'ombe wa mahari ya binti yao wamegeuka dawa ya ngoma, uwanja umebaki mtupu na ng'ombe hawajarudi. Mdogo wangu wa kike akamuuliza binti gani, akataja jina la shangazi yetu yupo hai tunakula kwake kila siku. Kumbe baba mkubwa alikuwa ningi, alichukua ng'ombe wa mahari ya dada yake akampelekea mganga ili washinde, wakashindwa, babu akamfukuza, akaenda na mifugo ya watu Katavi kama walivyofanya Wasukuma wengi, na nyumbani wakaamua kusema amekufa. Tuna ndugu kule mpaka leo. Kwenye kikao cha ukoo hakuna mtu angetuambia hilo.

Mkiwa ndugu kadhaa gawaneni kazi, msiende wote kama msafara. Mmoja awe wa kucheza, na acheze kweli, asisimame pembeni na simu. Bugobogobo ile ya majembe ndio rahisi kumpokea mgeni kwa sababu inatokana na kulima pamoja, unafuata mguu wa mwenzako na kulirusha jembe utajifunza taratibu, hayo makubwa ya kulizungusha hewani waachie wenyewe. Bununguli ni ya wawindaji wa nungunungu, Buyeye ni ya wanaocheza na nyoka, hizo zina mafunzo na dawa zake, mgeni anatazama tu. Wa pili akae na wanawake, asaidie jikoni au kumenya viazi vya michembe, yani viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, kwa sababu shangazi na bibi ndio wanajua ng'ombe wa nani walienda wapi. Wa tatu ndio arekodi. Kama kuna mmoja anaejua Kisukuma vizuri, huyo asipewe kazi nyingine zaidi ya kusikiliza.

Salamu ni muhimu sana, asubuhi "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na upige goti kidogo kwa mkubwa hata kama umevaa suruali ya laki. Nendeni na sukari, sabuni na kitenge cha shangazi. Na ngoma ikikolea mtunzeni ningi, pesa mkononi au kifuani mbele ya watu, hata kama ni elfu mbili, maana ningi akitunzwa anaweza akakutungia hapo hapo, na akiwatungia ataanza na kuuliza nyie ni kina nani, watoto wa nani, na wazee waliokaa pembeni wataanza kumjibu. Hayo majibu yashikeni.

Kurekodi ombeni ruhusa kwa ningi mwenyewe, sio kwa mwenyekiti wa kijiji. Afu siku inayofuata kaeni na mtu wa pale mpitie wimbo mstari kwa mstari, andikeni kila jina la mtu, la mlima, la kijiji. Miaka msiulize kwa namba. Ulizeni ulitungwa kabla ya uhuru au baada, kabla ya kuhamishiwa vijijini, wakati wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kabla au baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei 1996. Mzee atakwambia pale pale bila kufikiri.

Na hilo la kuhamishwa mlizingatie, maana wengi wanapotea hapo. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, kwa hiyo hapo mnapopaita kwenu panaweza kuwa sio alipozaliwa baba wala alipozikwa babu. Tafuteni mahame, yani makazi ya zamani yaliyoachwa, muulize nani anayajua, nendeni na mtu mzima wa eneo hilo.

Na majina nayo yaangalieni. Kama baba yenu anaitwa Shija basi alizaliwa baada ya mapacha, hivyo kulikuwa na Kulwa na Doto, wako wapi? Mapacha kwa Wasukuma wana mila na nyimbo zao, waulizeni akina bibi wawaimbie, lakini ulizeni kwa upole maana mara nyingi kuna msiba hapo.

Siku mojawapo pandeni daladala ya Kisesa, inapita Buzuruga na Igoma, mkishuka mnachukua bodaboda mpaka Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri David Clement kutoka Kanada, wenyeji walimwita Fumbuka. Mtaona ngoma za watemi na sehemu ya Bagika na Bagalu, na mkienda na babu au shangazi ndio vizuri zaidi, kitu kimoja pale ndani kinaweza kumkumbusha habari ambayo hamkujua hata kuiuliza.

Mkishapata hiyo siri, kaeni wenyewe kwanza kaka na dada kabla ya kurudi kwa wazee. Kama ni ya mahari au ugomvi wa ng'ombe inaongeleka, mkubwa wenu ampelekee shangazi faragha. Kama inagusa mtu kusingiziwa uchawi, tafadhali iacheni, msiiimbe, msiiulize mbele ya majirani, huku bibi zetu wameshauawa kwa maneno ya namna hiyo. Video mliyorekodi msiirushe mtandaoni mpaka wanaotajwa au watoto wao wakubali, na kopi moja mumpe ningi kwenye memori kadi, wimbo ni wake.