Kuvuka Nyandarua na Cessna ndogo, anza hivi

Jamani kama unajifunza kurusha ndege na unataka kutoka Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, uvuke milima ya Nyandarua, cha kwanza elewa hewa. Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari, sasa jua likiwaka ikafika digrii 28 hewa inakuwa nyepesi, ndege inajihisi iko zaidi ya futi 8,000, inakula ranwei ndefu na inapanda kwa shida. Kwa hiyo toka asubuhi mapema, na kabla ya kuondoka ipe injini nguvu yote halafu vuta polepole kile kitasa chekundu cha kupunguza mafuta mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, hapo ndo unapata nguvu yote.

Mlimani usiende kichwa kichwa. Ukaribie mgongo kwa pembe ya digrii 45, uwe juu yake angalau futi 1,000, upepo ukiwa mkali 2,000, ili upepo ukikusukuma chini ugeuke haraka kurudi bondeni. Wingu limefunika? Geuka mapema, usijaribu kupenya chini yake, nakusihi kabisa. Na mara za kwanza nenda na mwalimu anayeijua hiyo njia.